Muulize Mwalimu: Sukari ya Pangani iliyeyukia wapi?

Mwezi uliopita, nikimjibu kijana aliyeuliza habari za kivuko cha Pangani, nilichomeka sentensi moja kwamba mji huu uliwahi kuishi kwa sukari. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika mpaka mjukuu wangu anayenisomea ujumbe wa simu akaomba mapumziko. Nimechagua tano. Mliouliza bei ya viwanja vya ufukweni mtaniwia radhi: mimi ni mwalimu mstaafu, si dalali.

Assalaam alaykum, Mwalimu. Nimezaliwa na kukulia Muscat, lakini marehemu babu mzaa baba alizaliwa Pangani. Kila akila halua alikuwa akisema, "Hii zamani ilikuwa sukari ya kwetu." Nilipokuja huko mwaka juzi niliona minazi, mkonge na majumba yaliyobomoka. Muwa sikuona hata mmoja. Babu alikuwa anajisifu tu?
Msomaji, Muscat

Waalaykum salaam, mwanangu. Babu yako hakutia chumvi.

Watu wakisikia Pangani ya zamani hufikiria pembe za ndovu na misafara iliyopanda kwenda Kilimanjaro na Umasaini. Ni kweli, na wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipopita hapa mwaka 1857 mji ulikuwa bado ni wa pembe. Lakini pembe ni mgeni: inashuka kutoka bara, inalala ghalani, inapakiwa, kwaheri. Sukari ilikaa nasi. Miaka ya 1870 miwa ilikuwa imeshika kingo za mto, shamba limepakana na shamba. Wenyewe walikuwa Waarabu wa Oman na Waswahili wenye uwezo, na fedha zilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, waliokopesha kwa rehani ya shamba na kusubiri mavuno.

Kwa nini hapa? Kwanza mto. Unatoka Kilimanjaro na Meru, unafurika, unaacha tope jeusi ambalo muwa unalipenda kuliko mbolea yoyote ya dukani. Tena ni mto wa mashua: ukishakamua na kupika, huna haja ya kubeba mzigo kichwani, unaushusha gatini na maji yanaupeleka mjini. Pili ni mambo yaliyotokea ng'ambo, Unguja. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Sasa watu waliotekwa bara, wasioweza kuvushwa kwa urahisi, wakawa wa bei rahisi huku Mrima, yaani pwani yetu ya bara. Na mwenye shamba la miwa ndiye aliyekuwa na njaa ya mikono.

Kilichotoka hapa usikifikirie kuwa ni sukari nyeupe ya mfuko wa kilo moja. Ilikuwa ya kahawia, yenye unyevu, pamoja na asali ya miwa, ile nyeusi inayovutika kama utomvu. Majahazi yalisubiri maji kujaa ndipo yavuke fungu la mchanga lililoziba mdomo wa mto, yakaenda Unguja, na kutoka hapo mzigo mwingine ukaenda Uarabuni. Halua ni nini? Sukari, wanga, samli na mkono usiochoka kukoroga. Basi babu yako alikuwa na haki ya kusema alivyosema.

Ila hilo neno "ya kwetu" lina mushkeli kidogo. Soma swali la tatu, usinikasirikie.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfanyakazi wa kiwanda cha sukari Kilombero, upande wa kukamua. Msimu wa mavuno mitambo haizimwi usiku wala mchana. Nauliza, watu wa Pangani bila umeme waliwezaje? Muwa ukikaa unaharibika.
Fundi, Kidatu

Marahaba, fundi. Umeuliza swali la mtu anayejua kazi, maana jibu lote limo katika hiyo sentensi yako ya mwisho.

Kinu cha zamani sikukiona Pangani, kilikuwa kimeshakufa kabla sijazaliwa. Nilikiona Babati. Mwaka 1974 nilipangiwa kufundisha huko, na siku moja ya Jumamosi mwalimu mwenzangu alinipeleka bonde la Kiru kutazama sukari guru inavyopikwa. Magogo matatu yamesimamishwa yakigusana, yamechongwa meno juu ili moja likizunguka na mengine yazunguke. Juu kuna mti mrefu uliopinda, umefungwa ng'ombe wawili, mtoto anawafuata nyuma na kijiti. Mtu mmoja amekaa chini kabisa, anainamisha kichwa kila mti unapopita juu yake, analisha miwa mitatu mitatu. Wa pili yuko upande wa nyuma, anapokea miwa iliyopondwa na kuirudisha ikamuliwe tena. Maji yake, nilitegemea yatakuwa meupe, kumbe ni ya kijani iliyochafuka, kama maji uliyooshea mchicha.

Kutoka hapo yanapita kwenye gunia kuchujwa, yanaingia karaini. Moto ni wa machicha yenyewe ya miwa, yaliyoanikwa siku mbili. Mpishi anatia chokaa kidogo, povu jeusi linapanda na takataka zote, analiengua kwa upawa mrefu. Halafu ni kukoroga na kungoja. Alikuwa na bakuli la maji baridi pembeni. Anadondosha tone: likisambaa, bado, likijikunja kama shanga, toa moto upesi. Ukiepua mapema umepata asali, ukichelewa umepata makaa machungu. Alinipa kipande kingali moto kwenye jani la mgomba. Sijala kitu kitamu kama kile, na nimeshakula harusi nyingi.

Yule mlishaji wa kinu hakuwa na vidole viwili vya mkono wa kulia. Nilimtazama bila kutaka, akanicheka, akasema, "Mwalimu, kinu hakijui muwa na mkono."

Sasa chukua kinu hicho, kizidishe, kipange kando ya mto mzima. Mahali pengine anazungusha mnyama, mahali pengine anazungusha binadamu. Na muwa, kama ulivyosema, haungoji. Ukishakatwa una siku moja au mbili, kisha maji yake yanaanza kuchacha. Kwa hiyo anayekata hapumziki kwa sababu kinu kinamngoja, wa kinu hapumziki kwa sababu karai linamngoja, wa karai halali kwa sababu moto hauzimwi. Nyinyi mna zamu na malipo ya saa za ziada. Minazi haina haraka hiyo, na hata karafuu ina msimu wake inakuachia.

Nikuongezee kisa kimoja kinachoniuma. Ng'ambo ya kusini, karibu na nyumba ya bibi yangu mzaa mama, palikuwa na karai la chuma pana kuliko mikono yangu yote miwili ikinyooshwa, zito, halihami. Bata walikunywa humo. Sisi watoto tuliogeshwa humo, watatu kwa pamoja. Bibi aliliita karai la asali, na kwa miaka mingi nilidhani ni ya nyuki. Nilipozeeka na kuelewa ni la nini, nilikwenda ofisi moja kuomba lihifadhiwe. Nikaambiwa nilete barua ya mtendaji wa kijiji. Niliporudi na barua yenye muhuri, karai lilikuwa limeshavunjwa kwa nyundo na kupimwa kwa kilo na wanunuzi wa chuma chakavu. Barua ninayo mpaka leo.

Mwalimu, nilitembelea Pangani na familia. Muongoza wageni alituonyesha boma la zamani, akasema chini ya nguzo wamezikwa watumwa wakiwa hai ili jengo liwe imara. Ni kweli?
Baba wa watoto wanne, Mwanza

Hadithi hiyo nimesimuliwa tangu naota meno, na kila muongoza wageni anayo. Watu wanapiga picha na nguzo, wananyamaza kidogo kwa heshima, halafu wanakwenda kula pweza. Inanikera kwa jambo moja. Inamfanya mtumwa wa Pangani awe mtu wa kufa tu, kimya, chini ya jengo la mwenzake. Watumwa wa Pangani hawakuwa kimya hata kidogo.

Lazima ujue kwanza mazoea ya pwani yalikuwaje. Mtumwa wa shamba alikuwa na kipande chake cha kulima mhogo na mtama wa kula na kuuza, na kwa desturi siku mbili za juma, mara nyingi Alhamisi na Ijumaa, zilikuwa zake. Wengine walikodishwa mjini kwa kutwa, wakapewa karatasi ndogo ya kazi, kibarua, yaani barua ndogo, na ujira wakagawana na bwana. Ndiyo, kibarua hichohicho unachotafuta leo kwenye jengo la ghorofa kilianzia hapo. Sisemi utumwa ulikuwa mwema, Mungu apishe mbali. Nasema palikuwa na mipaka ambayo pande zote mbili ziliijua, na mtu aliweza kujipenyeza ndani yake: akaoa, akasali, akavaa kanzu, akasafiri na msafara, akadai aitwe Mswahili.

Sukari ikaja kuivunja mipaka hiyo. Kinu hakina Alhamisi. Bwana mwenye deni kwa Mhindi anataka mtu siku zote saba, na usiku anamtaka karaini. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya miwa karibu na Pangani waliasi. Hawakukimbilia msituni kufa na njaa. Walijenga mji wao, Kikogwe, ng'ambo ya kusini ya mto, na wenye mashamba walishindwa kuwarudisha. Hebu fikiria, mjini unalala juu ya godoro lako la sufi, unajua ng'ambo ya maji wako watu waliokuwa mali yako jana, wanalima, wana silaha, na mtumwa wako wa leo anajua njia.

Watu hao waliitwa watoro. Nilifundisha darasa la tatu na la nne kwa miaka thelathini na moja, na neno hilo nimeliandika kwenye daftari la mahudhurio mara zisizo na hesabu, kwa wino mwekundu. Mtoro. Mtoro siku tatu. Siku moja nilikuwa naita majina, nikafika kwa mtoto ambaye kwao ni upande wa Kikogwe, hayupo, nikaandika mtoro, na kalamu ikanigoma mkononi. Maana bibi yangu, yule wa karai, mama yake alizaliwa kwa hao watoro. Bibi hakulisema neno hilo. Alisema tu, "Sisi ni watu wa kuvuka."

Basi baba, ukirudi Pangani na watoto, boma waonyeshe, halafu vuka nao mto.

Mwalimu shikamoo. Niko kidato cha nne. Kitabu kimoja kinamwita Abushiri shujaa wa kupinga ukoloni. Mjomba wangu anasema alikuwa mwenye watumwa. Nimesoma tena kwako kuhusu sukari. Kwenye mtihani niandike lipi?
Mwanafunzi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Andika alivyokuwa. Abushiri bin Salim al-Harthi alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani. Mwenye shamba la miwa wakati huo bila watumwa alikuwa nani? Mjomba yuko sahihi. Na kitabu kiko sahihi.

Tarehe 28 Aprili 1888 Seyyid Khalifa, Sultani wa Unguja wakati huo, aliikodisha Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi Agosti wakala wao, Zelewski, akatua Pangani kupandisha bendera ya kampuni na kujifanya bwana wa forodha, kodi na ardhi. Kwa mtu wa sukari hayo matatu ndiyo pumzi yake. Forodha ndipo mzigo wake unapopita, kodi inakula faida, na ardhi imeshawekwa rehani. Lakini usifikiri ilikuwa vita ya matajiri. Waliojaa barabarani, waliomfungia Zelewski ndani ya nyumba mpaka akaokolewa na watu wa Sultani, walikuwa watu wa kila namna: wenyeji wa Mrima, wapagazi, watumwa na waliokuwa watumwa, kila mtu na hasira yake. Abushiri akaja kuwaongoza, na siku nyingine hawakuongozeka. Wanajiografia Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakirudi kutoka Usambara, waliangukia mikononi mwake akawatia minyororo mpaka fidia ilipolipwa. Julai 1889 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliuteka mji. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa hapahapa Pangani.

Mwalimu wako akikukata alama kwa kuandika kwamba mtu anaweza kuwa mwenye watumwa na pia mpinga ukoloni, niletee karatasi nimuone.

Mwalimu, kwetu Bagamoyo sasa kuna mashamba makubwa ya miwa na kiwanda cha sukari. Nyinyi Pangani mlianza kabla yetu, mbona mmeachwa? Hamuwezi kupanda tena?
Mkulima, Bagamoyo

Hongereni. Kuachwa tumeachwa, na haikuwa siku moja.

Vita ile ilivuruga mashamba na kutawanya wafanyakazi, na waliotawanyika hawakuwa na sababu ya kurudi kinuni. Wajerumani walijaribu kiwanda cha mitambo kando ya mto, hakikudumu. Fungu la mchanga mdomoni mwa mto halikuwasumbua manahodha wa majahazi, lakini meli kubwa za moshi zilitia nanga mbali baharini, mzigo ukafuatwa kwa mashua. Tanga ina kina. Mwaka 1893 reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga, na biashara ya bara iliyokuwa ikishuka kwetu kwa miguu ikageuza uso. Mwaka huohuo Mjerumani Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Unajua ilipandwa wapi? Kikogwe. Kwa watoro. Mwaka 1898 ile 62 ilikuwa imeshazaa miche 63,000, na kuanzia hapo ukimuuliza mtu wa Pangani kazi yake ni nini, atakwambia katani.

Kupanda tena? Sisemi haiwezekani juu huko, mbali na bahari. Lakini huku chini mto si ule. Maji yanazuiwa Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme Hale na kwenye maporomoko ya Pangani, yananyweshea mashamba ya watu wengi kabla ya kutufikia, na yakipungua nguvu bahari inapanda. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, maji ya chumvi yanakwenda juu mtoni mahali ambapo wazee walikuwa wakichota ya kunywa. Minazi ya kingoni imekauka vichwa. Visima vingine tunavifulia tu.

Mimi nina mashina yangu saba ya miwa nyuma ya nyumba, upande wa Bweni, ng'ambo ya kusini ya mto, mbegu niliyopewa na bibi. Wajukuu wakija likizo huwa nawakatia. Mwaka jana yule mdogo alitafuna pingili ya shina lililo karibu zaidi na mto, akatema, akaniambia, "Bibi, huu muwa umewekwa chumvi." Nikadhani ananitania. Nikatafuna mwenyewe. Nimeyahamisha yote juu, karibu na choo, nangoja mvua za vuli nione kama yatashika.